Fimbo yako ya samaki wadogo inazingua? Anza kuangalia chubwi kabla hujailaumu fimbo

Kuna zile fimbo fupi za kuvulia, sentimita 60 mpaka 90 hivi, utazikuta kwenye mitumba ya vifaa vya michezo au mtu kaletewa na ndugu yake anayekaa Marekani, na wengi wakiziona wanasema hii ya watoto. Sio ya watoto. Ni fimbo za kuvulia kwenye barafu. Huko Minnesota, Wisconsin, Michigan na Kanada ziwa likiganda watu wanatoboa tundu, upana sentimita 15 mpaka 25, mtu anakaa juu yake na kiti chake anateremsha uzi chini moja kwa moja, anatafuta bluegill, crappie na perch, samaki wadogo wa kuingia kikaangoni wazima. Ukiwa umekaa juu ya tundu fimbo ndefu ya nini sasa, ndo maana zikawa fupi.

Kwetu hao samaki hawapo ila tuna wa saizi yao, chaa, changu wadogo, tasi, na perege kwenye mabwawa. Kwa hiyo fimbo hizi zinafanya kazi Dar na zinafanya vizuri tu, ila kwa masharti, na malalamiko mengi ninayosikia yanatokana na mtu kutojua hayo masharti. Fimbo ya samaki wadogo haichaguliwi kwa urefu wala kwa bei, inachaguliwa kwa uzito wa chubwi, kile kizito kinachozamisha uzi, utakaloning'iniza na kwa mdomo wa samaki unayemtaka. Basi tuanze na matatizo yenyewe, na wewe ukisoma utajua lako lipo wapi.

Chambo kinaliwa na sisikii kitu

Hili ndo kubwa kuliko yote. Unateremsha kamba mbichi umemkata vizuri, unakaa, unapandisha, ndoana nyeupe imebaki inang'aa. Mtu anasema samaki wa siku hizi wajanja, hamna, ncha ya fimbo yako ndo haioni kitu.

Jaribu hivi kabla ya kwenda baharini, hata dukani Kariakoo unaweza kufanya muuzaji akiwa anakuangalia. Pitisha uzi kwenye pete zote, funga chubwi lile lile unalotumia pamoja na ndoana yake, liache lining'inie, shika fimbo imelala sawa na ardhi. Angalia sentimita 10 za mwisho. Kama ncha imenyooka kabisa utadhani hujafunga kitu, fimbo ni ngumu mno kwa hilo chubwi, samaki wa gramu mia akidonoa hutajua. Kama ncha imeinama mpaka inatazama chini yote, chubwi limeshamaliza nguvu ya ncha, samaki akivuta haina pa kuinamia tena na hapo napo hutaona kitu. Unachotaka ni ncha iliyoinama kidogo, yaani ukiligusa chubwi kwa kidole kutokea chini ncha inanyanyuka, ukiliachia inarudi. Ile kunyanyuka ni muhimu sana maana kuna samaki, kama crappie wa kule, ambao mara nyingi hawavuti kwenda chini, wanabeba chambo wanapanda nacho, na mtu anayesubiri ncha ivutwe atasubiri mpaka maji yapwe.

Sasa shida ya huku ndo inaanzia hapa. Wale wa barafu wanatumia vijigi, yaani vindoana vyenye kichwa kizito, vya nusu gramu mpaka gramu mbili hivi, na fimbo zao nyepesi zimetengenezwa kwa uzito huo na uzi wa pauni 2 mpaka 4, pauni hapa ni nguvu ya uzi kabla haujakatika. Chini ya barafu la ziwa mara nyingi maji yametulia. Wewe uko Kigamboni mbele ya Mjimwema, mwezi mpevu, bamvua, maji yanakwenda kama mto, chubwi la gramu mbili halifiki chini, linaelea tu nyuma ya boti. Unaongeza chubwi la gramu 30 lifike, limefika kweli, ila ncha imekunjika na fimbo imekufa. Halafu unasema fimbo mbovu. Fimbo haina kosa lolote hapo, umechagua maji yasiyo yake. Nenda nayo maji mafu, zile siku za mwezi nusu, mkondo umepoa, au subiri ule muda maji yakiwa yamesimama kabla hayajageuka, chubwi dogo linafika na ncha inaongea.

Kama ratiba yako hairuhusu kusubiri maji mafu, maana kuna mtu ana Jumapili tu, basi usinunue fimbo nyepesi ya mwisho. Nunua iliyoandikwa laiti au midiam laiti badala ya altralaiti, ikubali chubwi la gramu 10 mpaka 15, utapoteza kusikia kidogo ila utavua.

Kuna sababu ndogo ndogo nyingine za kutosikia. Uzi mnene, mtu kaweka pauni 20 kwenye kifimbo cha altralaiti kwa kuogopa kukatiwa, uzi huo wenyewe mgumu kuliko ncha. Uzi uliojaa mawimbi mawimbi ya rili, samaki anavuta ule mkunjo unanyooka kwanza, wewe huku juu huna habari. Na upepo, kusi likivuma uzi unapigwa tumbo kati ya ncha na maji, hapo shusha ncha karibu na maji kabisa na shida inaisha bila kununua kitu.

Halafu ile springi ya ncha. Fimbo nyingi za barafu zinakuja na kiwaya laini au kibati chembamba kimechomekwa mbele ya ncha, kazi yake ni kuonyesha mdonoo mdogo sana ambao mkono hauusikii. Mimi nasema kwenye ngalawa itoe. Kule mtu amekaa juu ya barafu halitikisiki, huku chombo kinapanda na kushuka na springi inacheza muda wote, utapiga hewa mpaka uchoke. Iache kama unavua kwenye gati au bwawa la perege maji yametulia, hapo ni tamu sana. Kwenye chombo fanya kama wazee wa mshipi wa mkono, uzi unapotoka kwenye rili upitishe juu ya kidole cha shahada, usiubane, ulalie tu pale. Wimbi linakuja pole pole na kuondoka pole pole, samaki anakuja tk tk. Ukishazoea tofauti hiyo hutahitaji kuangalia ncha.

Ananasa, namvuta, anachomoka katikati

Kabla hujabadilisha kitu chochote jiulize ni samaki gani. Chaa ana ule mdomo unaochomoza kuelekea chini, laini, ngozi nyembamba. Crappie wa Marekani naye hivyo hivyo, mdomo wake ukiuvuta kwa nguvu unachanika. Ukiwa na fimbo fupi ngumu, uzi wa kusuka ambao hauvutiki hata kidogo, breki ya rili umekaza mpaka mwisho, halafu ukisikia mdonoo unapiga mkono mpaka begani, basi ndoana inatoboa tundu kubwa na ikilegea kidogo imetoka. Kwa samaki wa mdomo laini unataka fimbo inayopinda mpaka katikati ya mwili wake, na usipige, nyanyua tu mkono kiasi cha kifundo. Breki ilegeze mpaka ukivuta uzi kwa mkono unatoka bila kushtuka. Uzi wa nailoni wa kawaida ni mzuri hapa kwa sababu unavutika, na ni wa bei rahisi pia.

Changu sasa ni kinyume. Mdomo mgumu, meno, ana nguvu na akinasa anakimbilia mwambani. Ukimwendea na ile fimbo laini inayopinda yote ndoana haizami, anatembea nayo kidogo anaitema. Kwa changu tafuta fimbo ambayo ncha ni laini lakini kuanzia theluthi ya pili imekakamaa, kwenye lebo wataandika fasti, na ndoana iwe nyembamba na kali, jaribu kuikwaruza kwenye ukucha, ikiteleza inole au itupe.

Tasi ana mdomo mdogo kweli, kama anachomoka kila mara hapo usiguse fimbo, punguza saizi ya ndoana na chambo kiwe kidogo, mkate au unga uliokandwa vinampata kuliko kamba. Na ukimtoa usimshike hovyo, miba yake ya mgongoni na tumboni ina sumu, haiui ila utalia.

Uzi unajisokota na kufanya rundo

Rili za fimbo za barafu ni ndogo, kile kipipa cha uzi kina upana mdogo, na uzi ukikaa kwenye mzunguko mdogo unashika umbo hilo. Kwenye baridi nailoni inakakamaa zaidi ndo maana wenzetu wanalalamika sana, huku joto linailainisha kidogo kwa hiyo sisi tuna afadhali. Ila kujisokota kupo pale pale na mara nyingi mvuvi ndo anausokota mwenyewe. Samaki anavuta, breki inatoa uzi krrr, na mtu bado anazungusha mkono wa rili. Kila mzunguko unaozungusha wakati breki inateleza unatia msokoto kwenye uzi, dakika moja ya hivo na uzi umekwisha. Breki ikilia acha kuzungusha, pampu fimbo, halafu zungusha unaposhusha.

Pia watu wanajaza uzi mpaka unafurika. Acha milimita 2 hivi kabla ya ukingo. Na ule waya wa kufungulia uzi ufunge kwa mkono, usiufunge kwa kuzungusha rili.

Uzi ulioshasokotwa unaokoleka. Ukiwa kwenye boti inatembea taratibu toa ndoana, chubwi, kila kitu, uachie uzi mtupu nyuma mita 30 au 40 uburuzwe dakika chache, unajifungua wenyewe. Ukirudisha upitishe kwenye kitambaa chenye maji. Kuweka suweli, kile kichuma kidogo kinachozunguka, kunasaidia kama chambo chako kinazunguka chenyewe kikipandishwa. Wale wa barafu wana rili nyingine ya duara bapa, uzi unatoka ulivyoingia bila kujipinda, nzuri sana kwa kuvua chini wima na ukiipata kwenye mtumba na haijashika kutu chukua. Kurusha nayo sahau.

Imekatika

Imekatikia wapi? Hapo ndo jibu lilipo.

Ikikatika sentimita chache za ncha, samaki hana hatia. Ni mlango wa gari, ni bajaji, ni mtu amekanyaga, ama ulimnyanyua samaki kwa fimbo mpaka ndani ya chombo ncha ikiwa inatazama juu angani. Fimbo fupi haina mwili wa kugawana mzigo, ukiiinua wima kupita nyuzi 90 na samaki ananing'inia, uzito wote unakaa kwenye kipande chembamba kuliko vyote. Samaki mdogo mshike kwa uzi, mkubwa kidogo tia wavu.

Ikikatika katikati na samaki alikuwa wa kawaida tu, ilikuwa imeshagongwa siku nyingi. Fimbo za grafiti zinasikia vizuri sana na ni nyepesi lakini zikigongwa na nanga au chubwi zinapata ufa usioonekana. Faibaglasi ni nzito kidogo, haisikii kama grafiti, ila inavumilia ubabe. Kwa mtu anayepanda ngalawa za watu wengi, miguu, makasia, ndoo, mimi ningemwambia achukue faibaglasi au ile ya mchanganyiko bila kufikiri mara mbili, na grafiti abaki nayo anayevua gatini peke yake. Kama ni ya mtumba ipitishe vidole taratibu kuanzia mpini mpaka ncha, halafu ipinde kidogo karibu na sikio, ukisikia mlio wa kukwaruza rudisha.

Ikikatika karibu na mpini, ulinasa mwamba ukavuta na fimbo. Usivute mwamba na fimbo. Nyoosha fimbo ielekee uzi, zungushia uzi kwenye kijiti au kitambaa, vuta.

Kuna na hii ya pete ya ncha kutoka yenyewe. Pete ile inabandikwa na gundi inayoyeyuka kwa moto, sasa ukiacha fimbo kwenye gari limefungwa jua la saa nane Mwenge, gundi inalainika, uzi ukivuta pete inageuka au inatoka kabisa. Sio uharibifu, pasha gundi ya aina hiyo hiyo kwa kiberiti, rudisha pete ikae mstari mmoja na nyingine, subiri ipoe.

Uzi unakatika hovyo

Angalia pete kabla ya kulaumu uzi. Chukua kipande cha pamba kizungushe ndani ya kila pete, ikinasa nyuzi za pamba hapo pana ufa na ndo panakata uzi wako. Pete moja tu yenye ufa inatosha kukufilisi ndoana.

Kama pete ni nzima basi ni mwamba. Pauni 2 au 4 ni za maziwa yenye chini ya tope na majani, pwani yetu ina matumbawe na chaza, uzi ukigusa umekwenda. Weka lida, yaani kipande cha uzi imara upande wa ndoana, ya pauni 8 mpaka 10, mita moja hivi, ya florokaboni kwa sababu inastahimili kukwaruzwa, juu yake uzi mwembamba uendelee. Hapa fimbo za barafu zina faida moja ambayo waliotengeneza hawakuifikiria kwa ajili yetu, nzuri zake zina pete kubwa kubwa ili barafu isizibe, na huku pete hizo zinapitisha fundo la lida bila kukwama.

Rili inakwaruza, baadaye inagoma

Chumvi. Rili hizi ni za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, nyingi hazina ulinzi wowote wa chumvi kwenye beringi. Siku hiyo hiyo unayorudi, sio kesho, kaza breki kwanza maji yasiingie kwenye visahani vyake, mwagia maji baridi ya kopo pole pole, usipige na mpira wa presha maana unaisukuma chumvi ndani. Futa, tia tone la oili kwenye ekseli ya mkono na kwenye kile kigurudumu uzi unapopitia, ikikauka legeza breki ndo uiweke. Ikishaanza kukwaruza ifungue, toa grisi ya zamani yote, tia grisi ya majini. Ikiwa beringi imeshakuwa ya kahawia, nunua rili nyingine ndogo, saizi 500 au 1000, maana mwili wa fimbo wenyewe hauozi.

Hairushi mbali

Hili sio tatizo, ni kazi yake ilivyo. Mtu amesimama juu ya miamba ya Coco Beach na kifimbo cha sentimita 70 anataka kufika kwenye maji ya kina, haiwezekani na haijawahi kuwezekana. Hapo unataka fimbo ya futi 6 au 7, laiti, chubwi gramu 5 mpaka 15, uzi pauni 6 mpaka 8. Fimbo ya barafu peleka pale unapoweza kuteremsha uzi wima au karibu na wima, ubavuni mwa ngalawa iliyotia nanga Kunduchi au Msasani, gatini panaporuhusiwa, ukingoni mwa bwawa. Na kama uko pande za Mbudya, Bongoyo, Pangavini au Fungu Yasini usitoe fimbo kabisa, ile ni hifadhi ya bahari, hakuna kuvua.

Sasa mwenye hela ya fimbo moja tu na bado hajanunua. Kama unapanda chombo na unajua kupiga hesabu ya maji mafu, chukua fupi ya sentimita 75 mpaka 90, zile za 60 ni za kukaa ndani ya hema juu ya barafu na kwenye ngalawa ubavu wa chombo unakula nusu ya fimbo, chukua laiti na sio altralaiti, faibaglasi au mchanganyiko, ncha laini, pete kubwa. Kama unavua ukiwa nchi kavu hizi fupi ziache, hata muuzaji akikushushia bei. Na ukiagiza mtandaoni usiangalie picha, soma ule mstari mdogo wa uzito wa jigi na pauni za uzi. Wanaandika kwa aunsi, aunsi moja ni gramu 28 na kitu, kwa hiyo ukiona 1/32 ni kama gramu moja, 1/16 kama gramu mbili, 1/4 gramu 7. Ukikuta hawajaandika kabisa mwulize muuzaji, akikujibu "inabeba samaki yeyote" tafuta muuzaji mwingine.